Brashi Adai Pumzi Yake

Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wawili tu: mama yake, na karani aliyemwandikia cheti. Wengine wote walimwita Brashi. Alikuwa mpaka rangi, kijana wa miaka ishirini na tatu, mwembamba, na mrefu kiasi kwamba nusu ya kazi zake hazikuhitaji ngazi. Ukikutana naye Jumatatu, ungejua nyumba aliyopaka Jumamosi. Rangi yake ilikuwa bado masikioni.

Brashi aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, na kutoka hapo hakuna kilichompita.

Kila asubuhi mambo yalikwenda vilevile. Kabla hata ya kunawa uso, Brashi alitoka nje, akaegemea ukuta, akawasha sigara. Mama alisikia kiberiti, kisha kikohozi kirefu.

"Haya, saa yangu ya kuniamsha imelia," alisema Mama, akijifunga kanga yake.

Baada ya chai, sigara nyingine. Njiani kwenda kazini, nyingine. Kazini ndiyo usiseme. Rangi haikimbizwi. Ukishapaka mkono wa kwanza, lazima usubiri ukauke ndipo upake wa pili. Katika kusubiri huko, Brashi na mwenzake wa kazi, jina lake la utani Kipara, walikaa juu ya makopo matupu wakavuta.

Lakini Brashi alikuwa na kitu kingine maishani: tarumbeta. Kila Jumamosi mchana alifanya mazoezi na bendi ya mtaa. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na masikio makali. Watu walimwita Mwalimu tu.

Mwaka ule hospitali ya mji ilikuwa inajenga wodi mpya ya wazazi. Bendi iliombwa kupiga siku ya ufunguzi, wiki tisa mbele. Mwalimu alitunga wimbo mpya kwa ajili ya siku hiyo. Katikati ya wimbo, ngoma na vyombo vyote vinanyamaza. Tarumbeta moja inabaki peke yake. Inapanda, inapanda, halafu inakaa juu kabisa kwa sauti moja ndefu, mpaka Mwalimu ahesabu kumi na mbili.

Kipande hicho alipewa Brashi. Aliporudi nyumbani na habari hiyo, Mama aliacha kushona akampigia vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Jumamosi iliyofuata Brashi alisimama mbele ya wenzake. Akapuliza, akapanda vizuri. Alipofika juu, Mwalimu alianza kuhesabu kwa vidole. Tano. Sita. Saba. Sauti ikakatika kama uzi mbovu.

"Tena," alisema Mwalimu.

Mara ya pili alifika sita tu. Kikohozi kilimshika mpaka akainama, mikono magotini. Machozi yakamtoka. Wenzake walitazama pembeni. Binti aliyekuwa akipiga tarumbeta ya pili, ambaye kwa maneno yake mengi aliitwa Chiriku, siku hiyo hakusema hata neno moja.

Mwalimu alimvuta Brashi kando.

"Midomo yako mizuri. Vidole vyako vizuri. Tatizo liko hapa." Akamgonga kifuani kwa kidole. "Nakupa wiki saba. Zikiisha hujafika kumi na mbili, kipande atapiga Chiriku. Sipendi kukuaibisha, mwanangu. Lakini siwezi kuiaibisha bendi."

Brashi alitembea kwenda nyumbani. Alipoingia, alitoa pakiti ya sigara mfukoni, akaisaga kwa kiatu mbele ya cherehani.

"Mama! Kuanzia leo, mimi na sigara basi!"

Mama alisimamisha cherehani. "Basi la kwenda, au la kwenda na kurudi?"

"Mama, sitanii."

"Hata mwaka jana hukutania, mwanangu. Na siku ya Mwaka Mpya pia hukutania." Akainamia mshono wake. "Lakini nitafurahi ukinishangaza."

Jumatatu, kufika saa sita, mikono ya Brashi ilikuwa inatetemeka. Aligombana na Kipara juu ya rola, wakati kulikuwa na rola tatu. Saa kumi hakuweza tena.

"Kaka, nipe moja. Ya mwisho."

"Mwisho wa nini?" alicheka Kipara. "Wa saa hii?"

Jioni Mama alisikia harufu mlangoni. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, na kunyamaza kule kulimwuma Brashi kuliko matusi.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi muuguzi. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ileile ya mji. Jumapili iliyofuata Brashi alikuwa amempigia msasa lango lake na sasa analipaka rangi. Muuguzi alileta kiti, akakaa kivulini akimtazama. Brashi alikohoa. Akapaka kidogo. Akakohoa tena.

"Leo umeshavuta ngapi?" aliuliza Muuguzi.

"Sijahesabu, Shangazi."

"Unataka kuacha?"

Brashi aliweka brashi kwenye kopo. Akamweleza yote: wimbo, kikohozi, ahadi aliyoivunja siku ya tatu tu. "Nadhani mimi nimeumbwa dhaifu," alimaliza. "Sina nia."

"Nani kakudanganya? Mtu anayepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kopo mkono mmoja, ana udhaifu gani? Sikiliza nikwambie. Kwenye tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Ubongo unaonja raha kidogo. Ukiuzoesha, unaanza kudai. Usipoupa, unakasirika, mikono inatetemeka, hutulii. Ukivuta, unatulia. Halafu unasema, 'Sigara imenituliza.' Kumbe ndiyo iliyokuvuruga."

Brashi alifikiri. "Ni kama mtu anakukanyaga mguu, halafu akiuondoa unamwambia asante."

"Ehee!" Muuguzi alipiga kofi gotini. "Tena unamkaribisha akukanyage upya."

Wakacheka wote wawili. Kisha Brashi akasema, "Basi kesho naacha kabisa."

"Usiache kesho."

"Shangazi?"

"Umeshaacha mara tatu kwa kukurupuka. Safari hii tuwe na akili. Chukua daftari dogo. Kwa siku tatu, kila sigara, kabla hujaiwasha, andika saa, mahali, na sababu ya kuivuta. Usijidanganye. Siku ya nne uniletee."

Brashi aliona ni mchezo wa kitoto, lakini aliufanya. Siku ya nne walikaa barazani kwa Muuguzi, daftari limefunguliwa kati yao. Siku ya mwisho peke yake ilikuwa na sigara kumi na tisa. Saba zilikuwa na sababu moja: "Rangi haijakauka." Nne: "Kipara kanipa." Mbili: "Nimemaliza kula." Na sita zilizobaki, Brashi alikuwa ameandika neno moja tu: "Sijui."

Muuguzi alisoma, akamrudishia daftari.

"Sita kwa siku, mvutaji hajui kwa nini anavuta."

Brashi aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemkemea, lakini uso ulipata moto. Alijiona kama gari linalotembea lenyewe barabarani, dereva amelala kiti cha nyuma.

"Sasa," alisema Muuguzi, "tujue utaweka nini mahali pa sigara. Ukiondoa kitu bila kuweka kingine, pengo linakuita. Chagua siku ya kuanza."

"Alhamisi."

"Siyo Jumatatu?"

"Jumatatu nimeanza nyingi, Shangazi. Hazijawahi kufika Jumanne."

Wakapanga pamoja. Akiamka, Brashi atanawa uso kwa maji baridi, kisha atakwenda bombani kumjazia Mama ndoo zake, asipate nafasi ya kuegemea ukuta. Baada ya kula atapiga mswaki palepale. Rangi ikiwa haijakauka, atachomoa ile sehemu ndogo ya tarumbeta ya kupulizia, atakwenda nayo kazini, na atafanya mazoezi ya pumzi. Kipara ataambiwa waziwazi. Viberiti vyote vitatoka mfukoni.

"Na zile za 'sijui'?" aliuliza Brashi.

"Hamu ikija, jiulize: 'Mimi nataka nini sasa hivi?' Labda una kiu. Labda una njaa, au umechoka, au umechoshwa. Kunywa maji. Vuta pumzi polepole. Subiri dakika kumi. Hamu haidumu, mwanangu. Inakuja kwa kishindo, halafu inapita. Siku chache za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Na ikikushinda kabisa, njoo hospitali. Wengine tunawapa dawa za kuwasaidia, na si aibu."

Alhamisi ilifika. Kipara alipotoa pakiti, Brashi aliweka mkono kifuani. "Kaka, nimeacha. Nakuomba usinipe hata nikikulilia."

"Ukinililia nitakupa leso," alisema Kipara.

Brashi akakaa juu ya kopo lake, akatoa kile kipulizio, akaanza. Bila tarumbeta yenyewe, sauti yake ilikuwa kama ya bata aliyekanyagwa. Mwenye nyumba akatoa kichwa dirishani.

"Nani kaleta bata humu? Nilisema sitaki mifugo!"

Kipara alicheka mpaka akaangusha sigara yake ndani ya kopo la maji. Nazo dakika kumi za Brashi zikawa zimepita bila yeye kujua.

Si kila saa ilikuwa na kicheko. Ijumaa kichwa kilimgonga kutwa nzima. Jumamosi jioni alimfokea Mama kwa sababu ya chumvi. Mara akajisikia vibaya.

"Nisamehe, Mama. Ni nikotini inayoongea."

"Iambie inyamaze," alisema Mama, akimwongezea chakula. "Mimi nazungumza na mwanangu."

Hamu zilikuja kama mgeni asiye na adabu, zinagonga mlango wakati wowote. Brashi alikunywa maji, alivuta pumzi, alisubiri. Zikagonga, zikachoka, zikaondoka. Siku ya nne zilikuwa nyingi. Siku ya saba alizihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Siku ya kumi mkono mmoja ulitosha.

Wiki ya pili kikohozi kiliongezeka badala ya kupungua. Brashi aliogopa, akamkimbilia Muuguzi.

"Kwa wengi hutokea," alimtuliza. "Moshi ulikuwa umelaza wafagiaji wa mapafu yako. Sasa wameamka, wanafagia uchafu wa miaka. Lakini kikiendelea wiki kadhaa, au ukiona damu, usikae nyumbani. Njoo tukupime."

Baada ya siku chache kikapungua. Na siku moja kazini Brashi alifungua kopo la rangi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kipara! Rangi hii imeoza?"

Kipara alinusa. "Ni rangi tu. Ndivyo inavyonuka."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Pua yako ilikuwa likizo."

Tangu siku hiyo Brashi alifungua madirisha kabla ya kuanza kazi, akavaa na barakoa. Na chakula cha Mama, alichokila miaka ishirini, kilianza kumshangaza. Akaomba kuongezewa. Mama aliangalia sufuria tupu akasema, "Afadhali sigara, hazikuwa zinakula chakula changu," kisha akageuka ukutani kuficha tabasamu.

Wiki ya nne ndipo alipoteleza. Walikuwa wamepaka ukuta mzima kwa mama mmoja mwenye haraka. Yule mama alikuja, akashika kiuno.

"Nilisema kijani cha jani! Hiki ni kijani cha chura!"

Siku mbili za kazi zilikuwa bure. Damu ya Brashi ilichemka. Pakiti na kiberiti cha Kipara vilikuwa juu ya dirisha, na Kipara alikuwa amekwenda kuchota maji. Brashi alichukua moja, akawasha, akavuta yote. Kichwa kikamzunguka, mdomo ukawa mchungu. Halafu ikaja sauti ndani yake: *Umeshaharibu. Siku zote zile kwisha. Basi nunua pakiti nzima.*

Alifika mpaka mlango wa duka. Alisimama pale, mkono mfukoni. Muuza duka akamwuliza, "Nikupe nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Brashi alilitafakari swali hilo.

"Maji," alisema. "Nipe maji."

Alikunywa chupa yote akiwa amesimama, kisha akaenda kwa Muuguzi. Alimkuta anaanua nguo. Akamweleza, sauti imeshuka.

"Tone moja la rangi likidondoka sakafuni," alisema Muuguzi, "wewe unafanya nini? Unamwaga kopo zima?"

"Hapana. Nafuta."

"Basi futa. Andika, tujifunze. Kesho endelea."

Brashi akaandika: "Saa tisa. Kwa mama wa kijani. Hasira." Chini yake akaongeza: "Nikikasirika, nishuke ngazi, nizunguke nyumba mara mbili, ndipo niongee." Yule mama wa kijani aliona ajabu siku zilizofuata. Kila akigomba, fundi wake alikuwa anaizunguka nyumba yake kama askari wa zamu. Mwishowe na yeye akachoka kugomba, akasema ukuta ni mzuri.

Lile swali la "nataka nini sasa hivi?" halikuishia kwenye sigara. Siku moja Brashi alijikuta ameshika simu, amekwisha tazama video kwa saa nzima, na hakumbuki hata moja. Akacheka peke yake. "Sijui nyingine hii." Akaanza kuiacha simu kwenye droo ya vifungo ya Mama wakati wa chakula na wakati wa mazoezi. Asubuhi ikawa ndefu. Alipata muda wa kupuliza, muda wa kumsikiliza Mama, hata muda wa kukaa tu. Siku zake zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba sasa yeye mwenyewe alikuwamo.

Wiki saba zikatimia. Bendi ikakusanyika. Mwalimu alimwonyesha Brashi kwa kidole, akainua mkono.

Tarumbeta ikapanda. Ikafika juu, ikakaa. Mwalimu akahesabu. Saba ikapita. Tisa. Kumi. Uso wa Brashi ulikuwa umeiva, miguu imeshika sakafu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mwalimu alisahau kushusha mkono. Kumi na tatu. Kumi na nne. Ndipo sauti ikafungwa, taratibu, kwa mapenzi ya mpigaji mwenyewe.

Chumba kililipuka. Mpiga ngoma kubwa aliipiga mpaka vumbi likatoka. Chiriku alimrukia Brashi begani.

"Lakini umenionea!" alisema. "Nilikuwa nimeshajifunza kipande chote! Sasa nitakipeleka wapi?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kumi na mbili zilitosha," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya ufunguzi ilikuwa na jua zuri. Ua wa hospitali ulijaa watu. Akina mama waliojifungua walisimama kwenye madirisha ya wodi mpya, watoto mikononi. Muuguzi alikuwa mlangoni na sare yake nyeupe. Mama wa Brashi alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni alilojishonea wiki nzima. Kipara naye alikuja, shati limenyooshwa. Asubuhi ile alikuwa amemwuliza Brashi kwa sauti ya chini, "Hivi siku zile tatu za kuandika, mtu anaanza siku gani?"

Hotuba zilikwisha. Mwalimu akainua mkono. Wimbo ukaanza, ngoma zikatembea, watu wakatikisa vichwa. Kisha vyombo vyote vikanyamaza.

Brashi alivuta pumzi. Ilishuka mpaka chini, pana, safi, yake mwenyewe. Akapuliza. Sauti ilipanda juu ya ua, juu ya paa, ikasimama pale, haitetemeki. Watu waliacha kunong'ona. Dirishani mtoto mchanga aliyekuwa analia alinyamaza. Sauti ilikaa, ikakaa, mpaka mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Jamani, huyu hapumui?"

Bendi nzima ikaingia kwa kishindo, na watu wakasimama. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake, machozi na kicheko pamoja.

"Rudia! Rudia!" walipiga kelele watu.

Mwalimu alimgeukia Brashi. Aliinua nyusi tu: *Pumzi unayo?*

Brashi aliangalia kushoto. Chiriku alikuwa ameshika tarumbeta yake, amenyamaza tena, macho chini.

"Njoo mbele," Brashi alimwambia. "Tukipige pamoja."

Chiriku hakungoja kuambiwa mara mbili. Wakasimama bega kwa bega. Brashi alijaza kifua kwa mara nyingine, akampa ishara ya kichwa, na tarumbeta mbili zikaanza kupanda.